Inaangukia kona gani? Maneno yangu kwa wapiga picha wa Nyanda za Juu Kusini

Wengi hawakufika kwenye mkutano wetu Jumamosi pale Soweto, Mbeya, kwa sababu ya harusi na vipaimara, wakaniomba niyaandike niliyosema kuhusu droni zinazopinduka wakati wa kupaa. Haya hapa. Picha za kuonyesha ukutani nimeziacha, maana hata ukumbini umeme ulikatika kabla hatujafika katikati, na sikuona zilipopungua.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia kwenye kazi hii tangu enzi za filamu na chumba cha giza, shikamooni. Ndugu zangu wa Iringa na Njombe mliopanda basi la alfajiri, kamwene! Wenyeji wangu, mugonile!

Kabla sijaanza nina swali moja. Nani humu ndani ana droni ambayo haijawahi kupinduka wakati wa kupaa? Namaanisha imepinduka ikiwa bado inatoka chini, kabla hata haijafika usawa wa goti. Nyoosha mkono. Mmoja, wawili, watatu. Nawashukuru. Wawili kati yenu nawajua, hamna droni.

Basi sote ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja, tuambiane ukweli. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa harusi, Uyole. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliona mapanga ya droni yangu yamechanika kingo, nikaamua niyabadilishe. Nikafanyia wapi? Kitandani, kwa tochi ya simu, mke wangu amelala. Zile skrubu mnazijua, ndogo kama punje za ulezi. Moja ikadondokea kwenye blanketi, na mnajua blanketi za Mbeya mwezi wa saba zilivyo nene. Niliitafuta nusu saa. Nilipoipata nilikuwa nataka kulala tu, nikafunga yaliyobaki haraka haraka, nikaweka kwenye begi.

Asubuhi bibi harusi anashuka kwenye gari, matarumbeta yanalia, MC anawaambia wageni waangalie juu. Nikabonyeza. Droni ikanguruma, ikainua mguu mmoja, na kabla sijapepesa macho ilikuwa chali, inafyeka nyasi mbele ya zulia jekundu. Shangazi wa bibi harusi akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo ndege yako imekunywa nini asubuhi yote hii?" Watu walicheka kuliko walivyomcheka MC siku nzima.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya hapo, maana ndicho tunachokifanya wengi. Niliizima nikaiwasha. Nikasasisha programu. Nikasawazisha dira, nazunguka nayo uwanjani mikono juu, watoto wa jirani wananifuata nyuma wakidhani ni mchezo. Ikapinduka. Nikaituma kwa fundi mji mwingine, akasema mota imekufa, nikalipa laki moja na nusu, mota ikabadilishwa. Ikarudi, nikaiweka chini, nikabonyeza. Ikapinduka. Kona ile ile!

Aliyeniponya ni fundi wa pangaboi, Mwanjelwa. Nilimpelekea feni ya nyumbani, na begi la droni lilikuwa begani. Mzee akauliza ni nini hicho, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaishika kama mtu anayempokea mtoto mchanga, akasema, "Kumbe ni pangaboi nne." Akaanza kuzungusha panga moja moja kwa kidole, polepole, akiinama kuangalia kingo. Alipofika la tatu akasimama. Akarudi la kwanza. Akaja tena la tatu. Akaniambia, "Mwanangu, panga lina uso na kisogo. Huyu hapa amevaa kiatu cha mwenzake."

Laki moja na nusu, ndugu zangu. Na mzee hakutaka hata hela ya soda.

Nieleze alichokiona, maana hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa kuliko yote. Droni ya mota nne haizungushi mota zote upande mmoja. Mbili zinazunguka kwa kufuata saa, mbili kinyume cha saa, na zinazofanana ziko kwa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia ni ndugu, mbele kulia na nyuma kushoto ni ndugu. Zingezunguka zote upande mmoja, droni yenyewe ingejizungusha kama pia. Kwa hiyo mapanga nayo ni ya aina mbili. Ukichukua panga la mota hii ukalifunga kwenye ile, litazunguka vizuri tu, litalia vizuri tu, ila badala ya kusukuma hewa chini linaisukuma juu. Kona ile inajikandamiza ardhini wakati wenzake watatu wanainuka.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Ndani ya droni kuna ubongo mdogo unaolinda usawa. Ukihisi kona moja inazama, unaiamuru mota ya pale iongeze kasi. Sasa kama panga limefungwa kinyume, kuongeza kasi ni kuzidi kuzama. Ubongo unaongeza, kona inazama, unaongeza tena, inazama tena. Ndiyo maana haiinami taratibu. Inajibwaga! Ukiona droni imejibwaga kwa hasira namna hiyo, tena kona ile ile, usiguse programu. Angalia mapanga.

Utayajuaje? Kwenye hizi ndogo za gramu 249 tunazotumia wengi, jozi mbili za mapanga zina alama karibu na kitovu, na mikono miwili ya droni nayo ina alama. Lenye alama kwenye mkono wenye alama, lisilo na alama kwenye mkono usio na alama. Kila mota inabeba vipande viwili, na vyote viwili lazima viwe vya aina moja. Halafu ukiangalia panga kwa pembeni, ukingo mmoja ni mnene na mwingine mwembamba. Mnene ndio unaotangulia kukata hewa. Na lisifungwe juu chini. Nimeshaona hilo pia, kwa mtu ambaye yuko humu ndani na amenilipia chai, kwa hiyo simtaji.

Kwa kicheko tu: ukikosea yote manne kwa pamoja, haipinduki. Inakaa palepale ikijikandamiza chini na kupiga kelele, kama mtu aliyekataa kutoka kitandani.

Haya, swali langu la leo ni hili, na nitalirudia mpaka mchoke. Inaangukia kona gani?

Mtu akinipigia simu, "Kaka, droni yangu inapinduka," simuulizi ya kampuni gani, wala ameinunua lini. Namuuliza: inaangukia kona gani? Wengi hawajui. Wanakumbuka fedheha, wanamkumbuka shangazi, kona hawaikumbuki. Mwambie mwenzako asimame pembeni, mbali kidogo, arekodi kwa simu ukijaribu mara tatu. Kama mara zote tatu imeangukia kona moja, ugonjwa uko kwenye kona hiyo: panga, mota, au mkono wenyewe. Kama mara ya kwanza imeanguka kushoto, ya pili mbele, ya tatu imesimama ikapaa, basi acha kuifungua. Droni yako ni nzima. Angalia ardhi, angalia upepo, angalia vidole vyako.

Tuanze na kona moja. Umeshahakikisha mapanga yako mahali pake. Bado inaangukia kulekule. Fanya hivi: toa mapanga ya kona mbovu, yahamishie kwa ndugu yake wa mshazari, na ya ndugu yake uyalete huku. Ni aina moja, hayagombani. Jaribu tena. Ugonjwa ukihama, ulikuwa kwenye panga. Ugonjwa ukibaki, ni mota au mkono. Jaribio hili halihitaji shilingi wala intaneti, na lingeniokolea laki yangu na nusu.

Panga lenyewe lipime kwa ukucha. Pitisha ukucha ukingoni taratibu, toka kitovuni mpaka nchani. Ukikwama hata mara moja, tupa, na ubadilishe jozi nzima. Lipinde kidogo mbele ya mwanga uangalie pale karibu na skrubu: ukiona mstari mweupe, plastiki imeshachoka, itakatikia hewani. Tupa. Nasema tupa! Wapo humu wanaoyaweka kwenye droo "ya dharura". Siku ya dharura ndiyo unaifunga dharura nyingine.

Mota je? Toa mapanga yote, zungusha mota moja moja kwa kidole ukiwa umefumba macho. Nne zote ziwe na mguso mmoja. Ukihisi moja inakwaruza, ndani kuna mchanga. Na hapa kwetu mchanga una tabia yake, wenzetu wa Dar hawawezi kuijua. Sisi tunaishi kwenye ardhi ya volkano. Rungwe ile mnayoiona kila siku ilitema majivu, na ndani ya mchanga wetu mweusi kuna punje za chuma. Mtoto akiburuza sumaku barabarani inatoka na ndevu. Mota ya droni ni sumaku tupu ndani! Ukirushia kwenye vumbi, punje zinaingia na hazitoki kwa kupuliza. Mimi hutumia kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, nakikunja upande wenye gundi uwe nje, nakipitisha kwenye sumaku taratibu kwa kijiti cha meno. Kazi ya kukaa chini, na redio pembeni.

Kitu kingine cha kutafuta pale ni uzi. Nyuzi za mapambo ya harusi, nywele za bandia, nailoni ya maputo. Vinajisokota kwenye shingo ya mota, huvioni mpaka umulike.

Na mota inayotetemeka bila kuzunguka, yaani inajinyonganyonga kama kuku aliyefungwa miguu, hiyo ina nyaya tatu na mmoja umekatika. Mara nyingi unakatikia pale mkono unapojikunjia, kwa sababu tunaikunja na kuikunjua kila siku. Hiyo ni kazi ya kuchomelea risasi, mpelekee anayejua. Mafundi tunao hapahapa Mbeya.

Wadogo zangu mnaojiundia droni wenyewe, nyie mna mtihani wa ziada na nitaupitia haraka maana mko wachache. Hakikisheni mota namba moja kwenye programu ndiyo namba moja kwenye fremu, na mshale wa ule ubongo unatazama mbele. Mota ikizunguka kinyume, badilisha nyaya zozote mbili kati ya zile tatu. Na mkijaribu haya, mapanga yawe mezani. Mnanisikia? Mezani.

Sasa tuje kwa zile zinazoanguka ovyo, leo huku, kesho kule.

Kijana mmoja aliniletea ya kwake kutoka Makambako. Tukaenda kiwanja cha mpira, akaiweka, akawasha, ikaanguka kulia. Akajaribu tena, kushoto. Mara ya tatu sikuiangalia droni kabisa. Niliangalia vidole vyake. Mnajua ukiwasha mota kwa rimoti unavuta vijiti vyote viwili chini na kuviingiza ndani, au kuvitoa nje. Sasa mota zimewaka, anatakiwa aachie vijiti virudi katikati, ndipo ainue. Yeye, kwa hofu, kidole cha kushoto kinainua na cha kulia bado kimeng'ang'ania pembeni! Anaiambia droni paa, na papo hapo anaiambia lala ubavu. Imtii vipi?

Nikamwambia, dogo, weka rimoti chini, bonyeza kitufe cha kupaa kwenye skrini. Ikapaa kama jogoo anaruka uzio, ikasimama hewani imetulia. Akaniangalia. Nikamwangalia. Hakuna aliyesema kitu.

Hicho ndicho kipimo. Kitufe kikiinyanyua vizuri na mkono wako ukiiangusha, umeshajua mgonjwa ni nani.

Ndugu yake na huyo ni yule anayeinua kwa woga, kidogo kidogo, kama anakunywa chai ya moto. Droni ikikaa sentimita chache juu ya ardhi, upepo wa mapanga yake unagonga chini na kuirudia, inayumba, mguu mmoja unagusa, na ule ubongo unapigana na ardhi ukidhani unapigana na upepo. Ukiamua kuinua, inua! Bila kukurupuka, lakini bila kusita, mpaka usawa wa kifua.

Halafu ardhi yenyewe. Tukuyu tulikwenda watatu kupiga picha za mashamba ya chai, asubuhi, umande umejaa, nyasi mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mwenzetu akaiweka kwenye nyasi kwa sababu, nanukuu, "ni laini, hata ikianguka haiumii." Ilianguka mara nne. Panga likigusa jani moja tu linapungua kasi, na kona hiyo inabaki nyuma. Tukaomba sinia kwenye nyumba ya jirani. Mama akatoa la alumini, lile la ubwabwa, akasimama mlangoni kuhakikisha tunalirudisha. Ikapaa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kwenye begi wekeni kipande cha ubao au plaiwudi. Mkeka mwepesi hapana, unanyanyuka wenyewe na kuingia kwenye mapanga, labda uuwekee mawe kwenye kona. Boneti ya gari hapana, mfuniko wa chemba hapana: chuma kinaivuruga dira, ikishapaa inaanza kuzunguka kama nyuki aliyekosa mzinga. Na mteremko hapana. Najua Mbeya kupata sehemu tambarare ni kama kupata maegesho Mwanjelwa siku ya soko, lakini itafute.

Kuhusu kusawazisha vihisi vya usawa, wengi mnakimbilia huko kwanza, na mimi nasema kuje mwisho. Mtu alisawazisha ya kwake kwenye meza ya baa, meza ina mguu mfupi uliotegeshewa kizibo. Droni ikajifunza kwamba kuinama kule ndiko kunyooka. Ikawa kila ikipaa inavuta upande, kwa adabu, kila siku. Ukitaka kusawazisha, pima meza kwa pima maji ya fundi ujenzi, iache droni ipoe, fuata picha za kwenye skrini, na usiitikise.

Na hewa? Kuna anayenong'ona pale nyuma kwamba Mbeya hewa ni nyembamba. Kweli, mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15. Ukipanda mpaka Kitulo, mita 2,600, inapungua karibu robo. Mapanga yanazunguka kwa kasi zaidi na betri inakwisha mapema. Lakini wembamba huo unazipata kona zote nne sawasawa! Hauchagui ya mbele kushoto. Hewa haijampindua mtu, tuache kuisingizia. Baridi ndiyo ya kuogopa kidogo: betri iliyolala kwenye gari usiku wa Makete inaamka haina nguvu. Ilaze kwenye koti karibu na mwili, na mota zikishawaka, ziache dakika moja kabla ya kupaa. Na Kitulo ni hifadhi, kwa hiyo kibali kwanza, kama ambavyo mnatakiwa muwe na vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kila mahali. Mwenyekiti amenikonyeza niliseme hilo, nimelisema.

Jambo moja la kidole. Ikipinduka, usikimbilie kuidaka. Vuta kijiti cha kushoto chini kabisa, kishikilie mpaka mota zinyamaze, halafu toa betri, ndipo uiguse. Hiki kidole changu cha shahada mnachokiona kina mistari mitatu. Siku ile ya Uyole, shangazi akinicheka, mimi nilikuwa nimeuficha mkono mfukoni, na kitambaa kilikuwa kimeshalowa.

Nimemaliza, Bwana Mwenyekiti, na glasi hujagonga. Ndaga fijo, asanteni sana. Sasa wenye droni mbovu walete hapa mbele, mapanga yatolewe kwanza. Bisibisi ziko kwenye lile kopo la kahawa. Dada wa Mafinga, ulisema yako inaangukia wapi? Nyuma kulia? Kila mara? Njoo, anza wewe.